USEVYA: MIKONO YA WATOTO NA SHEREHE YA MWENE

Ndugu msomaji, yamkini jina la Usevya ni geni masikioni mwako. Si ajabu. Katika ramani nyingi za nchi utaliona kwa shida, nukta ndogo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mahali ambapo nchi huinama kuelekea Ziwa Rukwa. Hata hivyo, maadamu ukurasa huu ni wa jamaa nzima, baba, mama na watoto, nakualika tufunge safari pamoja mpaka huko. Safari yetu si ya kutazama wanyama, ijapokuwa hao nao tutakutana nao njiani. Tunakwenda kuuliza swali moja: kazi za mikono ambazo wazee wetu walizifanya kwa ajili ya sherehe za watawala wa jadi, leo watoto wetu wazifanye kwa ajili ya nani?

NJIA YA KWENDA HUKO

Ukitoka Mpanda mjini, ambako ndiko mwisho wa reli ya tawi itokayo Kaliua, unashika njia ya kusini hadi Sitalike. Hapo pana daraja la mto Katuma. Wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, viboko hubanana katika madimbwi ya mto huo mpaka huoni maji, waona migongo tu. Baada ya Sitalike barabara inapita ndani ya hifadhi yenyewe. Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na eneo lake sasa ni kilometa za mraba 4,471. Jina hilo linatokana na Katabi, mzimu ambao kwa imani ya Wabende hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Wanaotafuta baraka zake huweka sadaka chini ya mti huo.

Ukiivuka hifadhi unafika Kibaoni, kijiji alikozaliwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu tangu mwaka 2008 hadi 2015. Kutoka hapo Usevya si mbali. Sasa umeingia Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe. Kwa miaka mingi sehemu hii ilihesabiwa katika wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Katavi, ikawa upande wa mkoa mpya. Leo Usevya ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, wilayani Mlele. Ukiendelea na bonde utaifikia Majimoto, ambayo jina lake lakueleza habari ya chemchemi zake, kisha Mamba, na mbele zaidi vijiji vya Rukwa.

NCHI NA WATU WAKE

Wapimbwe ni wakulima. Hulima mahindi na mihogo, na mpunga mahali palipo na maji. Tangu zamani walikuwa pia wawindaji, wavuvi na warina asali, kwa maana nchi yao ni nchi ya miyombo, na miyombo ni shamba la nyuki.

Si watu waliokaa mahali pamoja bila kusumbuliwa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwakusanya watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Miaka ya 1970 ukaja mpango wa vijiji, watu wakahama tena. Kila mara mtu alipohama alibeba jembe, chungu na watoto. Lakini kinamama waliacha nyuma mahali walipozoea kuchimba udongo wa kufinyangia, na wahunzi waliacha nyuma mawe yao ya kufulia chuma. Vitu kama hivyo havibebeki kichwani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Wasukuma walianza kuingia bonde hili na ng'ombe wao, wakitafuta malisho na ardhi ya kulima. Wengi wamekwisha kuzaa na kuzika humu. Kwa hiyo, msomaji, ukiingia leo katika darasa la shule ya msingi katika sehemu hizi, usishangae kuwakuta mtoto wa Kipimbwe, wa Kifipa na wa Kisukuma wameketi dawati moja, wakisema Kiswahili kimoja. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu lina uzito katika swali letu.

MWENE ALITAMBULIKANA KWA VITU

Kama jirani zao Wafipa, Wapimbwe walitawaliwa na mwene. Katika tawala zote za magharibi mwa nchi yetu mtawala hakutambulikana kwa maneno matupu. Alitambulikana kwa vitu: ngoma, ambayo mahali pengi ndiyo iliyokuwa utawala wenyewe, kiti, mkuki, na kibangwa, yaani kipande cha kombe la bahari kilichofika bara kwa njia ya misafara. Siku ya kumtawaza, au siku ya matambiko makubwa, vitu hivyo vilitolewa mbele ya watu. Na ukiacha kombe lile la bahari, kila kimoja kilitoka katika mikono ya mtu wa nchi: aliyeuangusha mti, aliyeichuna ngozi, aliyeufua mkuki.

Wala ufundi wa sehemu hizi haukuwa mdogo. Juu ya uwanda wa Ufipa bado yanaonekana mabaki ya malungu, yaani matanuru ya kuyeyushia chuma, yaliyojengwa kwa udongo mpaka kufikia kimo cha meta tatu hivi. Lilungu halikuhitaji mivukuto; hewa iliingia yenyewe kwa matundu yaliyo chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa jembe. Wafipa waliliheshimu tanuru jipya hata wakalipamba kama bibi harusi. Profesa Bertram Mapunda ni mmoja wa wataalamu wetu waliouchunguza ufundi huo na kuuandikia. Hali kadhalika, wasafiri wa Kizungu waliopita Ufipa na bonde la Rukwa katika karne ya 19 walikuta watu wakifuma nguo nzito za pamba iliyolimwa papo hapo.

Je, mtoto alijifunza wapi? Alijifunza kwa kukaa karibu. Alitumwa kuleta maji ya kulowekea ukindu, akashika ncha ya ukili wakati mama akisuka, akakosea, akafumuliwa, akasuka tena. Hakuna aliyempa alama kwa mia. Alama yake ilikuwa siku ya sherehe, mkeka ulipotandikwa mbele ya wageni na wageni wakaukalia. Mkeka mbaya ulionekana na kila mtu, na aliyeusuka alijulikana.

KITI KILIPOONDOKA

Ukweli usemwe wote, msomaji. Utawala wa jadi haukuwa asali tupu. Katika nchi nyingi mtu wa kawaida alifanya kazi shambani kwa mtawala apende asipende. Baada ya Waingereza kutunga sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, machifu waligeuzwa kuwa mkono wa serikali ya kikoloni, wakakusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kazini. Hata watoto wa shule walitumiwa kupamba enzi ya wageni: mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa huko London, watoto katika makoloni mengi ya Kiingereza walipangwa mistari wapeperushe vibendera kwa heshima ya mtu ambaye hawakupata kumwona.

Kwa hiyo sheria ya mwaka 1963 iliyofuta utawala wa machifu katika Tanganyika ilikuwa sheria ya haki. Raia wa jamhuri hawezi kuwa na mabwana wawili. Hakuna anayetaka kulirudisha shauri hilo nyuma.

Lakini kiti kilipoondoka, kiliondoka pamoja na siku yake. Ngoma ikakosa siku ya kupigwa, na fundi wa ngoma akakosa mtu wa kumwagiza nyingine. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote ya leo: kazi ya mikono haifi kwa kukosa mikono. Hufa kwa kukosa sherehe inayoingojea. Mtu hatengenezi kiti kizuri kwa sababu tu anajua kutengeneza. Hutengeneza kwa sababu ipo siku ambayo mtu anayemheshimu atakikalia.

JIRANI WALIFANYA NINI?

Kabla ya kuamua la kufanya Usevya, yafaa tuwatazame wengine waliokutana na shida hiyo hiyo. Tuanze na Wasukuma, kwa sababu watoto wao wamo katika madarasa ya Usevya.

Huko Bujora, karibu na Kisesa nje ya mji wa Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Kisukuma pamoja na wenyeji. Mwaka 1968 yakafunguliwa makumbusho. Humo zimo ngoma na mavazi ya watemi, na jengo lao limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Lakini vitu hivyo havikuachwa vilale kabatini. Kila mwaka, mnamo mwezi wa Juni, hufanyika sikukuu ya Bulabo, na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati mkubwa. Mashindano yanataka ngoma, mavazi na mapambo. Basi mafundi wanapata kazi, na vijana wanapata sababu ya kujifunza.

Ni huko huko Kisesa ambako tarehe 8 Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wao na kumpa jina la Hangaya. Siku ile hakuna aliyefikiri kwamba sheria ya mwaka 1963 imefutwa. Ilikuwa sherehe ya utamaduni. Hata hivyo, kila kilichovaliwa na kila kilichoshikwa siku ile kilihitaji fundi.

Tuvuke ziwa sasa, twende Buganda. Uganda nayo ilifuta falme zake, mwaka 1967, kisha mwaka 1993 ikazirudisha kwa ajili ya utamaduni, si kwa utawala. Tarehe 31 Julai mwaka huo Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa juu ya kilima cha Naggalabi, na nguo ya gome la mti ikapata tena siku yake. Gome hilo hutoka katika mti uitwao mutuba. Fundi hulibandua, hulilainisha, hulipiga kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka likawa pana na laini kama kitambaa. Na ule mti uliobanduliwa hufungwa majani ya mgomba, ukapona, ukaota gome jingine. Mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa hazina za binadamu wote.

Kuhusu watoto, Malkia wa Buganda, yaani Nnabagereka Sylvia Nagginda, alianzisha mwaka 2007 kambi ya wakati wa likizo iitwayo Ekisaakaate. Jina hilo lakumbusha ua wa matete wa nyumba ya mtawala, ambamo zamani watoto walilelewa. Wanafunzi hufundishwa adabu, lugha na mila, na pia kazi za mikono kama kusuka.

Lakini Buganda yatupa onyo vilevile. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka huko Kasubi, nyumba ya nyasi kubwa kuliko unavyoweza kuwaza. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ndipo UNESCO ilipoiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na mambo yake hayakuandikwa katika kitabu cha kununuliwa dukani. Yamo mikononi mwa wazee, nao ilibidi wayafundishe kwa vijana huku kazi ikiendelea. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mjuzi huzeeka.

TURUDI USEVYA

Sasa tazama hali ya shule zetu za vijijini, za Usevya na za kwingineko. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumesema kwamba mtoto asome kwa kichwa na kwa mikono. Lilikuja somo la Stadi za Kazi, na katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 limo somo la Sanaa na Michezo. Neno halijakosekana. Lakini wewe mzazi unajua yanayotendeka mahali pengi. Mwalimu anaagiza kila mtoto alete ufagio, au ungo, au mkeka mdogo. Usiku wa kuamkia siku ya kuleta, mama anakwenda sokoni na shilingi zake, ananunua. Mtoto anapata alama, ufagio unabaki shuleni, na hakuna aliyejifunza lolote isipokuwa muuza mifagio kujua tarehe za mitihani. Mwalimu si mkosaji, wala mzazi si mkosaji. Kinachokosekana ni ile siku inayoingojea kazi.

Basi na iwekwe siku. Kiangazi ndicho wakati wake. Mpunga na mahindi yamekwisha kuvunwa, barabara zapitika, na taifa zima huadhimisha Nane Nane, siku ya wakulima. Hapo Usevya na vijiji jirani vyaweza kuwa na siku ya kumkumbuka mwene, si kumrudisha: siku ya ngoma, ya historia ya nchi hii kusimuliwa hadharani, na ya watu kuketi juu ya mikeka iliyosukwa na watoto wa shule.

Najua utauliza: mwene ni wa Wapimbwe, mtoto wa Kisukuma ana sehemu gani? Swali hili ni la haki, na ndilo gumu kuliko yote, kwa maana bonde hili limekwisha kuona ugomvi wa mkulima na mfugaji. Jibu langu ni kwamba sherehe ya mwenyeji haipungukiwi na zawadi ya mgeni. Watoto wa Kisukuma na waitengeneze ngoma ya ngozi ya ng'ombe, wa Kifipa waonyeshe mfano mdogo wa lilungu kwa udongo, wa Kipimbwe watandike mikeka na kueleza habari za nyuki. Mtoto aliyekaa siku nyingi na mwenzake akishika ncha nyingine ya ukili haoni urahisi wa kumwita mgeni baada ya hapo.

VIFAA VITATOKA WAPI?

Hapa panahitaji akili, sio shangwe tu. Hifadhi ya taifa si shamba la mtu. Sheria inakataza kuchukua humo hata fito moja, na mtoto asitumwe huko hata kidogo. Mbali na sheria, kuna tembo, viboko na mamba. Kwa hiyo shule yenyewe na ioteshe vifaa vyake. Ukindu na matete hupenda mahali penye majimaji, na mianzi huoteshwa kwa vipande. Udongo wa kufinyangia waweza kutafutwa katika ardhi ya kijiji, na kinamama wafinyanzi ndio wanaoujua kwa kuuvunja kwa vidole. Waalikwe waje shuleni, walipwe kwa heshima na kwa chakula kama apaswavyo kulipwa mwalimu yeyote.

Kuhusu mizinga ya nyuki, zamani iliviringishwa kwa gome la miyombo, na mti uliochunwa hivyo ulikufa. Sote tumeona jinsi Waganda wanavyoufunga mutuba ukapona. Mwombo haupewi nafasi hiyo. Afadhali watoto wafundishwe kutengeneza mizinga ya mbao, ipambwe kwa michoro ya zamani, mti ubaki hai na nyuki wabaki na maua.

Jambo la mwisho: kazi isiwe ya kulazimishwa. Tukimwamuru mtoto asuke kwa fimbo ili viongozi waje kupigiwa makofi, tutakuwa tumerudisha lile lililofanya watu wauchoke utawala wa zamani. Na kila kitu kiandikwe jina la aliyekitengeneza na jina la mzee aliyemfundisha. Baada ya sherehe, mkeka uende nyumbani kwa huyo mzee, kiti kibaki katika ofisi ya kijiji kikaliwe, na ngoma itundikwe shuleni ipigwe asubuhi badala ya kipande cha reli.

Ndugu msomaji, huenda wewe huishi Mpimbwe. Labda uko Tanga, au Songea, au mtaa wenye vumbi wa Dar es Salaam. Hata hapo ulipo, chunguza: yupo mzee mmoja jirani yako ajuaye kitu ambacho mwanao hakijui, na huenda hajaombwa kukitengeneza kwa miaka mingi. Usimwendee kumwuliza habari za zamani tu. Mwambie kuna harusi, kuna mahafali, kuna ugeni mwezi ujao. Umwombe kiti, au mkeka, au chungu, kisha umwachie mtoto wako akae karibu naye akishika ncha ya ukili.